Majibu ya kipimo cha shahawa: anza na maji, idadi ya mbegu baadaye

#1 MezaYaMaabara

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Humu jukwaani hazipiti siku nyingi mtu hajabandika majibu yake ya kipimo cha shahawa na kuuliza jambo lilelile: "Milioni kumi na mbili zinatosha?" Wachangiaji wanarukia hapohapo, huyu anataja supu ya pweza, yule vidonge vya zinki. Mistari ya juu ya karatasi, yaani ujazo, kuyeyuka, mnato na pH (kipimo cha asidi na alkali), hakuna anayeigusa. Uzi huu ni wa mistari hiyo. Idadi inakuambia kuna upungufu. Maji ndiyo yanayokuonyesha upungufu umeanzia wapi.

Nikiandika shahawa namaanisha kila kinachotoka. Mbegu ni zile zinazoogelea ndani yake.

Chukua mwanaume aliyetoa mililita 3. Karibu mililita 2 zimetoka kwenye vifuko vya shahawa, viwili, vilivyojibanza nyuma ya kibofu. Nyingine kama mililita 0.8 ni za tezi dume. Kilichotoka kwenye korodani na epididimisi (mrija uliojikunja nyuma ya korodani, mbegu zinakokomalia), mbegu pamoja na maji yaliyozibeba, ni asilimia 2 hadi 5 tu ya yote. Ndiyo maana mtu aliyefunga mirija haoni tofauti yoyote kwa macho: maji yapo vilevile, mbegu hakuna hata moja. Kwa hiyo anayejisifu kwamba yake ni nyingi na nzito hajathibitisha kitu.

Kila kiungo kina mzigo wake. Vifuko vinaleta maji ya alkali, protini ya kugandisha iitwayo semenojelini, prostaglandini, na sukari ya fruktosi ambayo mbegu zinaitumia kupata nguvu. Thaddeus Mann wa Cambridge ndiye aliyeonyesha mwaka 1946 kwamba sukari ya shahawa ni fruktosi, tofauti na damu yenye glukosi. Tezi dume inaleta maji yenye asidi kidogo, zinki nyingi, asidi ya sitriki, spemini (ile harufu mnayoijua inatoka hapo) na kimeng'enya cha PSA, hichohicho kinachopimwa kwenye damu wakati wa kutafuta saratani ya tezi dume. Epididimisi inaleta L-kanitini na alfa-glukosidasi.

Asidi ya tezi dume na alkali ya vifuko zikichanganyika unapata pH ya 7.2 kwenda juu, mara nyingi kati ya 7.4 na 8. Uke kwa kawaida uko karibu na 4, na kwa asidi hiyo mbegu hazikai muda. Shahawa ikiingia inaipandisha pH pale mlangoni mwa kizazi kwa sekunde chache, mbegu zinapata nafasi ya kupenya kwenye ute. Pasipo maji ya vifuko hiyo nafasi haipo.

#2 ShangaziChumbageni

Mwenye uzi, nikuongezee ulichokiruka: haya maji hayatoki yakiwa yameshachanganyika. Yanatoka kwa zamu. Mwanzo kabisa ni matone ya tezi za Cowper (mbili ndogo chini ya tezi dume), angavu, yanayosafisha mabaki ya mkojo kwenye mrija. Inafuata tezi dume pamoja na mbegu nyingi. Mwisho ndiyo vifuko vinamwaga maji yake.

Hii zamu ina maana kubwa wakati wa kutoa sampuli. Mtu akimwaga pembeni matone ya kwanza halafu akakinga yaliyobaki, amepoteza sehemu yenye mbegu nyingi na zinki, kaleta maji ya vifuko. Majibu yatasema mbegu chache na mwendo dhaifu, wakati kasoro ni ya kukinga. Akipoteza ya mwisho, ujazo utapungua lakini idadi kwa mililita inaweza hata kupanda. Kwa hiyo mpokea sampuli aulize: "Kuna kilichomwagika? Cha mwanzo au cha mwisho?" Wengi hawaulizi, wanaona aibu. Aibu ya dakika moja inampeleka mtu kwenye dawa za mwaka mzima.

#3 Mdau_Makorora

Swali: kwa nini shahawa igande kwanza ndipo iyeyuke? Si ingetoka maji tangu mwanzo?

#4 MezaYaMaabara

Ikiganda haichuruziki yote kwa mara moja, na semenojelini yenyewe inazishika mbegu zitulie kwanza. Kisha inabidi ifunguke, na namna inavyofunguka ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye somo hili.

Ndani ya tezi dume PSA imelala, kwa sababu zinki imeishikilia. Maji ya tezi dume yakikutana na ya vifuko, semenojelini inainyang'anya ile zinki. PSA inabaki huru, na kazi yake ya kwanza ni kuikatakata semenojelini ileile. Yaani protini iliyogandisha ndiyo inayomfungulia mlango mwenye kuja kuivunja. Kwa hiyo unahitaji pande zote mbili ziwe nzima. Vifuko visipoleta kitu, haigandi kabisa. Tezi dume ikiwa dhaifu, inaganda na haiyeyuki.

Mezani inaonekana hivi. Dakika ya tano ukiinamisha kikopo, shahawa inasogea kwa pamoja kama ute wa yai ulioanza kuiva, ndani yake kuna punje nyeupenyeupe zinazong'aa. Ukiiweka kwenye nyuzi 37, ndani ya dakika 15 hadi 30 pembeni panaanza kuwa maji, kisha katikati. Punje chache zikibaki si kasoro. Dakika 60 zikipita bado ni donge, andika "haijayeyuka" na uandike muda. Usiandike tu "nzito", kwa sababu mnato ni jambo jingine. Mnato unaupima baada ya kuyeyuka: vuta kwa pipeti, achia tone, uangalie uzi unaofuata. Uzi ukizidi sentimita 2 mnato si wa kawaida. Hapo idadi utakayohesabu haiaminiki, kwa sababu mbegu hazijatawanyika sawasawa. Pitisha sampuli taratibu kwenye sindano butu ya geji 18 au 19, mara 6 hadi 10, ndipo uhesabu. Ukiisukuma kwa nguvu utazikata mbegu mikia.

#5 Mdau_Makorora

Nimeelewa. Sasa kuhusu kuleta sampuli kutoka nyumbani. Wapo wanaotoka Pongwe na Amboni, wengine Muheza. Na joto la Tanga hili la Januari!

#6 ShangaziChumbageni

Joto la Tanga si adui hapa. Sampuli inataka kukaa kati ya nyuzi 20 na 37, na nyuzi 32 za mchana wa kiangazi zimo humo. Adui ni watu wanaoifunga kwenye barafu wakidhani wanaitunza kama samaki wa soko la Deep Sea, na wanaoiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kiyoyozi kikali chumba cha mapokezi nacho kinapunguza mwendo wa mbegu, halafu majibu yanasema "mwendo hafifu". Kikopo kikae mfuko wa ndani wa shati au kiunoni, kikiwa wima.

Muda: iwe maabara ndani ya dakika 30, na isizidi 60. Daladala ikikaa stendi kusubiri abiria, muda umekwisha. Wa Muheza aje atoe hukuhuku, aombe chumba. Aandike saa ileile aliyotoa, si saa aliyofika.

Mengine kwa kifupi. Siku 2 hadi 7 bila kumwaga kwa njia yoyote. Zikipungua, ujazo na idadi vinashuka. Zikizidi sana, idadi inapanda lakini mbegu mfu zinaongezeka. Mikono na uume vioshwe kwa maji, vikauke, pasibaki sabuni. Mate, mafuta na losheni visitumike, vinaua mwendo. Kondomu ya dukani hapana, ina dawa na vilainishi vinavyoua mbegu. Asiyetaka kujichua kwa sababu za dini au nyinginezo aulizie kondomu maalumu ya kukusanyia, isiyo na sumu kwa mbegu, atumie na mkewe. Kuchomoa na kukinga siishauri, tone la kwanza ndilo linalopotea.

#7 Mganga_wa_Zamu

Nichukue hapo niwaonyeshe jinsi tunavyozisoma karatasi hizi.

Mipaka kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la sita la 2021: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39 kwa mshindo, mwendo wa jumla asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, umbo sahihi asilimia 4, pH 7.2. Hizi namba ni za wanaume waliofanikiwa kuwatia mimba wenza wao ndani ya miezi 12. Asilimia 5 yao walikuwa chini ya hapo na bado walipata watoto. Si ukuta kati ya mwenye kuzaa na tasa.

Sasa chukua karatasi yenye mbegu sifuri. Watu wengi wanaishia hapo na kulia. Mimi naangalia juu.

Ujazo 0.6, pH 6.6, haikuganda, fruktosi hakuna. Hayo ni maji ya tezi dume peke yake. Vifuko havijafika. Ama mirija ya kumwagia imeziba pale inapoingia kwenye mrija wa mkojo, ama mtu amezaliwa bila mirija ya mbegu, na mara nyingi vifuko navyo havipo au ni vibovu. Vidole vya daktari vinaweza kuutafuta mrija wa mbegu juu ya korodani. Unapapaswa kama uzi mgumu. Usipopatikana pande zote mbili, umeshapata jibu kabla ya kipimo cha bei ghali. Hali hii mara nyingi inaambatana na mabadiliko kwenye jeni ya CFTR (ile ya ugonjwa wa kurithi wa mapafu, cystic fibrosis), kwa hiyo mke naye apimwe jeni hiyo kabla ya kusaidiwa kupata mtoto. Korodani za mtu huyu kwa kawaida zinatengeneza mbegu vizuri, zinaweza kuvutwa kwa sindano.

Ujazo 3, pH 7.8, imeganda na kuyeyuka, fruktosi ipo, mbegu sifuri. Hapo vifuko viko sawa na njia ya mwisho iko wazi. Tatizo liko juu zaidi: korodani hazitengenezi, au epididimisi imeziba kwa makovu ya kisonono, klamidia au kifua kikuu. Pima homoni ya FSH (ile inayotoka kichwani kuziamrisha korodani) na ukubwa wa korodani. FSH juu na korodani ndogo, kiwanda kimekufa au kinakufa. FSH ya kawaida na korodani zilizojaa, fikiria kuziba. Alfa-glukosidasi ikiwa chini inaongeza nguvu upande wa kuziba.

Ujazo matone mawili au hakuna kabisa, na raha ya kilele anaipata. Huyu mpe kikopo cha pili. Akojoe kwanza, amwage, kisha akojoe tena kwenye kikopo hicho. Mkojo uzungushwe kwenye sentrifuji, mashapo yaliyotuama chini yaangaliwe kwenye hadubini. Mbegu zikijaa huko, shahawa inarudi kibofuni. Waulize kisukari, upasuaji wa tezi dume, na dawa ya tamsulosini. Mzee anayetumia tamsulosini kwa ajili ya mkojo, akioa mke mdogo na kutaka mtoto, hili ni la kwanza kuuliza.

Usaha sasa. Karatasi zinaandikwa "seli za usaha nyingi" na mtu anamezeshwa antibayotiki za wiki tatu. Seli za duara kwenye shahawa zinaweza kuwa mbegu changa ambazo hazijakomaa. Bila rangi ya peroksidasi huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Seli nyeupe zilizothibitishwa zikizidi milioni 1 kwa mililita ndipo unaanza kutafuta maambukizi, na zinapokuwepo zinatoa viini vya oksijeni vinavyounguza ngozi ya mbegu na kuvunja DNA yake.

#8 MezaYaMaabara

Daktari ametaja fruktosi na najua maabara nyingi za wilayani zinasema "hatuna kipimo hicho". Cha kuona ipo au haipo hakihitaji mashine.

Andaa miligramu 50 za resosinoli, mililita 33 za asidi ya hidrokloriki kali, na maji yaliyokenekwa ya kufikisha mililita 100. Asidi iingie kwenye maji, usimwage maji juu ya asidi. Chukua mililita 5 za mchanganyiko huo, weka mililita 0.5 ya shahawa, tikisa, chemsha. Ndani ya dakika moja rangi ya chungwa iliyoiva kuelekea nyekundu ikitokea, fruktosi ipo. Isipobadilika, haipo. Kila mara weka bomba la pili lenye maji matupu na la tatu lenye fruktosi uliyoiyeyusha mwenyewe. Resosinoli ya zamani inadanganya, na bila bomba la tatu hutajua kama kosa ni la dawa au la mgonjwa. Mvuke wake unachoma pua, kabati la kuvutia hewa au dirisha wazi ni lazima.

Kosa la kawaida: sampuli imekaa mezani saa tatu. Mbegu zinaila fruktosi. Mwenye mbegu nyingi anaweza kuonekana hana sukari. Kwa hiyo fanya mapema. Kwa asiye na mbegu kabisa hatari hiyo haipo, na ndiye tunayemhitaji zaidi.

pH nayo isingoje. Hewa ya ukaa inatoka kwenye sampuli na namba inapanda. Karatasi iwe ya 6 hadi 10, ngoja rangi ikae sawa, isizidi sekunde 30, ndipo usome.

Ujazo usiupime kwa kuvuta na bomba la sindano, unapoteza mililita 0.3 hadi 0.9 ukutani, na mpira wa baadhi ya mabomba ni sumu kwa mbegu. Pima kikopo kitupu kwenye mizani, pima kikiwa na sampuli, toa. Gramu 1 chukulia mililita 1.

#9 MfugajiPongwe

Nikiingia kwa upande wa mifugo, samahani wakuu wa binadamu. Kwenye uhimilishaji (kumpandikiza jike mbegu kwa mrija) jambo la maji linaonekana wazi kuliko kwenu.

Dume la ng'ombe linatoa mililita 4 hadi 8 hivi. Nguruwe dume mililita 200 na zaidi, karibu yote maji. Shahawa ya dume la ng'ombe ina protini zinazovua kolesteroli kwenye ngozi ya mbegu. Kwa ng'ombe jike hiyo ni faida, inaiandaa mbegu. Ukitaka kuihifadhi ni hasara, maana ngozi inazidi kulainika na baridi inaipasua. Ndiyo sababu ya kiini cha yai kwenye kiyeyusho cha kuhifadhia mbegu, kilichoanzishwa na watafiti Phillips na Lardy mwaka 1940: mafuta ya kiini yanazikamata zile protini kabla hazijafika kwenye mbegu. Gliseroli, ya kuzikinga mbegu zinapogandishwa, ikaja mwaka 1949. Leo mrija wa mililita 0.25 kutoka kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, unakuja ndani ya nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na maji ya asili yaliyomo humo ni kidogo mno.

Beberu ndiye mtihani. Tezi zake za Cowper zinatoa kimeng'enya kinachovunja mafuta ya kiini cha yai na kuligandisha, na mabaki yake yanaua mbegu. Anayechukua mapishi ya ng'ombe na kuyatumia kwa mbuzi analia. Inabidi maji ya beberu yaoshwe kwanza kwa sentrifuji, ndipo kiini kiingie.

Kwa hiyo maji ya shahawa ni ya safari fupi. Mbegu ikikaa nayo muda mrefu kwenye chombo, inaharibika.

#10 Mganga_wa_Zamu

Kwa binadamu ni hivyohivyo, Mfugaji. Ndiyo maana kwenye kupandikiza mbegu mfukoni mwa uzazi tunaziosha, na kazi inaanza mara tu zikiyeyuka, isicheleweshwe kupita saa moja. Zaidi ya hapo kuna prostaglandini. Kwa kawaida zinabaki ukeni, haziingii ndani kwa wingi. Ukiingiza shahawa mbichi moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi, mfuko unakaza kwa maumivu makali, na bakteria wanaingia nayo. Wapo wanaojaribu nyumbani kwa mrija wa plastiki wakiupitisha hadi ndani ya mlango wa kizazi. Wasijaribu kamwe.

Jambo jingine: maji ya shahawa yanazizuia mbegu zisiwe tayari kurutubisha yai mapema. Watafiti Chang huko Marekani na Austin huko Australia walionyesha mwaka 1951, kila mmoja kivyake, kwamba mbegu inahitaji kukaa kwanza ndani ya mwili wa jike ndipo iweze kurutubisha yai. Sehemu ya maandalizi hayo ni kuyaacha yale maji nyuma.

Kwa msingi huo nasema maji si lazima. Tunachota mbegu kwenye epididimisi au korodani, hazijawahi kugusa tezi dume wala vifuko, tunaidunga moja ndani ya yai, mtoto anazaliwa.

#11 ShangaziChumbageni

Daktari, si lazima pale ambapo sindano imefanya kazi yote. Kwa watu wanaolala kitandani kwao, bila maji mbegu haifiki popote. Na hata wakati wa mimba kujishikiza, maji yana neno na mwili wa mwanamke. Yana TGF-beta kwa wingi, protini ya kupeleka ujumbe kwenye seli, inaziita seli za kinga kwenye mlango wa kizazi na kuzizoesha chembe za baba. Mtafiti Sarah Robertson na wenzake wa Adelaide, Australia, wamefanya kazi ndefu upande huo. Kwa panya waliotolewa vifuko vya shahawa, mimba zilipungua, na watoto dume waliozaliwa walikuwa na mafuta mengi mwilini. Panya si mtu, nakubali.

#12 Mganga_wa_Zamu

Hapo tumekubaliana nusu, Shangazi. Panya ibaki ya panya. Hilo la kufika sina ubishi.

#13 DawaBarabaraYaKumi

Turudi kwenye supu ya pweza na zinki maana dukani ndiyo maswali ya kila jioni.

Zinki ni ya lazima, tumeona kazi yake: inaishikilia PSA, na inasaidia DNA ya mbegu ikae imefungwa vizuri. Ila kutoka hapo kwenda "basi nikinywa nyingi nitazaa" ni kuruka mto bila daraja. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa wanaume 2,370, waliokuwa wakitafuta mtoto na wenza wao, zinki miligramu 30 na asidi ya foliki miligramu 5 kila siku kwa miezi 6, au vidonge vitupu. Wenza waliojifungua: asilimia 34 upande wa dawa, 35 upande wa vidonge vitupu. Ubora wa shahawa haukupanda, mbegu zenye DNA iliyovunjika ziliongezeka kidogo, na matumbo yaliwasumbua zaidi. Mwenye upungufu wa kweli wa zinki atasaidika. Anayekula dagaa, nyama na korosho hana sababu ya kununua chupa. Chaza ana zinki kuliko vyakula karibu vyote, kula kwa kuwa ni mtamu.

Machungwa ya Muheza hayaongezi asidi ya sitriki ya tezi dume. Seli za tezi dume zinaitengeneza zenyewe: zinki inazuia kimeng'enya kimoja kwenye njia ya kuunguza sukari, sitriki inabaki bila kuunguzwa na kumwagwa nje. Na nanasi la Kiwangwa, kabla mtu hajauliza: ni kweli bromelini inatumika maabara kulainisha shahawa inayovuta, lakini inawekwa kwenye kikopo. Ukiila inameng'enywa tumboni.

La hatari kuliko yote hayo ni sindano za testosteroni za vijana wa mazoezi. Ubongo ukiona testosteroni imejaa unaacha kuziamrisha korodani, mbegu zinashuka, wengine hadi sifuri. Lakini vifuko na tezi dume vinalishwa na hiyohiyo testosteroni, kwa hiyo maji yanatoka mengi na nguvu ipo. Anajiona dume kamili. Akiacha, mbegu kwa kawaida zinarudi, ila inachukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka.

#14 Mdau_Makorora

Na damu kwenye shahawa? Hii naisikia sana maeneo ya mabonde na mito.

#15 Mganga_wa_Zamu

Kijana mwenye damu mara moja tu na hana dalili nyingine, mara nyingi inaisha yenyewe. Kwa mtu wa huku kwetu aliyekulia kuoga mtoni, usiruke kichocho. Mayai ya kichocho cha mkojo hayaishii kwenye kibofu, yanajichimbia kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Shahawa inakuja na rangi ya kutu au pinki, maumivu wakati wa kumwaga, ujazo unapungua. Mkojo unaweza kuonekana safi na shahawa ikawa na mayai, kwa hiyo mwambie wa maabara aangalie yote mawili. Yai lina mwiba mmoja nchani. Prazikuanteli miligramu 40 kwa kilo, dozi moja. Ukichelewa miaka, kuta za vifuko zinaweka chokaa na dawa haiirudishi.

Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, au damu inayojirudia, achunguzwe tezi dume.

Mabusha ni habari nyingine. Yale maji yako nje ya korodani, kwenye mfuko wake, hayachanganyiki na shahawa. Shida yake ni joto na mgandamizo, na yanapasuliwa.

#16 Mdau_Makorora

La mwisho. Mtu akirudia kipimo, angoje muda gani? Kuna anayesema wiki, mwingine miezi mitatu.

#17 MezaYaMaabara

Inategemea unarudia mstari upi. Mbegu inachukua siku kama 74 kutengenezwa, na wiki moja hadi mbili kupita epididimisi. Kwa hiyo ukitibu maambukizi au ukiacha dawa fulani na unataka kuona idadi, ngoja miezi mitatu. Aliyeugua malaria yenye homa kali ndani ya kipindi hicho aandike kwenye fomu.

Maji hayangoji hivyo, yanatengenezwa upya ndani ya siku chache. Ujazo mdogo, pH ya chini au kutokuyeyuka kunakotiliwa shaka, rudia baada ya wiki moja, siku zilezile za kujizuia na za mara ya kwanza, na safari hii atoe palepale maabara. Ujazo ukirudi mililita 2 na pH 7.6, ya kwanza ilikuwa ya kukinga vibaya, usimpeleke popote. Ukibaki chini mara mbili, ndipo apelekwe kupimwa kwa picha za vifuko kupitia njia ya haja kubwa, na karatasi zote mbili aende nazo.